UZI: Natengeneza gemu ya simu kuhusu ziwa lililomeza ploti ya shangazi. Watoto wameniambia ni ya uongo

fundi_wa_pikseli (Nakuru), Jumamosi saa 4 usiku

Wadau, salamu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka arudi kesho.

Niko Nakuru, upande wa Lanet. Mchana nafungua simu za watu, nabadilisha vioo na tundu za chaji. Usiku naandika gemu. Tangu mwaka jana nina moja isiyoisha: gemu ya simu ya kusimulia mabadiliko ya tabianchi kupitia Ziwa Nakuru. Nimechoka na picha za dubu mweupe juu ya kipande cha barafu. Dubu simjui. Ninachokijua ni ua wa shangazi yangu kule Mwariki: nguzo za mwerezi zimechomoza vichwa tu majini, zimejipanga mstari mmoja, na juu ya nguzo ya kona mnandi ameanika mabawa kana kwamba hati ya ploti ni yake.

Kwa wasioijua habari yenyewe. Ziwa letu halina mlango wa kutokea. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit inaingiza maji, na kinachoyapunguza ni jua. Jina Nakuru ni la Kimaasai na linahusu vumbi. Wazee wanakumbuka upepo ukipeperusha magadi kutoka kwenye ziwa lililonywea. Halafu kuanzia 2010 likaanza kupanda. Lilikuwa kilomita za mraba 40 hivi, na miaka kumi baadaye lilikuwa limepita 60. Lango kuu la mbuga ya wanyama inayozunguka ziwa likazama pamoja na ofisi zake. Migunga ikafa imesimama ndani ya maji, myeupe kama mifupa. Flamingo wengi wakahamia maziwa ya Bogoria na Elementaita kwa sababu maji ya mvua yalizimua magadi, na ule mwani wanaoula ukapungua. Mwariki na Barut, watu wakafunga virago.

Sasa gemu. Toleo la kwanza lilikuwa hivi: unaitazama ramani kutoka juu, una sarafu, unapanda miti kwenye msitu wa Mau, unasafisha mto, na kila mti ukipandwa ziwa linarudi nyuma kidogo. Ukifikisha miti elfu moja, nyumba zinaibuka, flamingo wanarudi, muziki unapigwa. Nilijiona bingwa.

Nikawapa watoto watano kwenye baraza la duka langu wajaribu. Mmoja ni msichana wa miaka kumi na moja, familia yao ilihama Mwariki akiwa mdogo. Simu ilikuwa Tecno yenye ufa kutoka kona hadi kona. Alicheza kimya, akapanda miti yote elfu moja, nyumba zikaibuka, muziki ukapigwa. Akanirudishia simu na kuniuliza, "Kwa hivyo sisi hatukupanda miti ya kutosha?"

Mwenzake akacheka: "Hii ni ya uongo. Maji hayarudi hivyo."

Nilikaa na swali la yule msichana wiki nzima. Nilikuwa nimetengeneza gemu inayomlaumu mtoto kwa kuzama kwa nyumba yao, tena kwa muziki.

Nimefuta kila kitu. Toleo jipya lina sheria moja: mchezaji hana usukani wa ziwa. Maji yanapanda kwa ratiba yake, ratiba ambayo mchezaji haioni. Anachoweza ni kuamua ahame lini, abebe nini, amwambie nani. Mkokoteni una nafasi sita tu: mabati, kitanda, kuku, hati ya ploti, gunia la mahindi, picha ya babu, mlango, mbegu, jiko. Chagua sita.

Naomba maoni. Hasa hili: gemu ambayo huwezi kushinda, nani ataicheza?

---

Striker_Kondele, Jumamosi saa 4 na nusu usiku

Hakuna. Nimekujibu bure. Vijana wanalipa bob ishirini kwenye PlayStation wacheze mpira dakika kumi, wewe unataka wabebe jiko kwa mkokoteni?

---

fundi_wa_pikseli

Hahaha. Lakini hata mpira, mkuu, ukifungwa saba bila unalipa ishirini nyingine. Watu hawaogopi kushindwa, wanaogopa kushindwa bila kuelewa kwa nini.

---

Nyar_Dunga (Kisumu), Jumapili asubuhi

Oyawore wote. Nimesoma kabla ya kanisa na nimeingia tena baada ya kanisa, maana mahubiri hayakuniingia vizuri.

Fundi, usiliache Ziwa Victoria nje. Lenu na letu ni ndugu wa baba mmoja lakini tabia tofauti. Lenu halina mlango. Letu lina mlango mmoja tu na ufunguo uko Jinja, Uganda. Na maji mengi ya Nam Lolwe, ndivyo Waluo tunavyoliita Ziwa Victoria, takriban asilimia 80, hayaletwi na mito. Ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Kwa hivyo mtu anayekaa Dunga akiangalia mito ya Nyando na Nzoia peke yake anaangalia mlango wa nyuma.

Mei 2020 kipimo cha kimo cha ziwa kule Jinja kilifika mita 13.42. Rekodi ya awali ilikuwa 13.41, ya 1964. Sentimita moja! Nyanya yangu aliposikia redioni hakushtuka. Alisema haya ni maji yale yale ya uhuru yamerudi kuchukua yalichosahau. Yeye mvua za 1961 alikuwa msichana, anakumbuka wavuvi wakifunga mitumbwi kwenye miti ambayo leo iko mbali na ufuo. Au ilikuwa mbali, mpaka 2020.

Na lisimulie pia liliposhuka. Mwaka 2006 lilishuka sana, na wataalamu wakasema sehemu ni ukame na sehemu ni maji yaliyoachiliwa kupita kiasi kwenye bwawa la Jinja. Hapo ndipo kuna gemu: weka kitufe cha Jinja kwenye skrini. Kiwe kikubwa, chekundu, mchezaji akione kila siku. Kisibonyezeke. Akikigusa, simu itetemeke tu.

Halafu gugumaji. Mtu wa Nakuru hajui kero ya kuamka na kukuta ziwa limekuwa kiwanja cha kijani, boti haitoki, na upepo ukigeuka mchana zulia lote linaondoka lenyewe kama lililoitwa. Tunapoteza siku nzima ya omena hivyo. Hiyo si vita ya kupigana, ni kusubiri. Gemu yako ina kusubiri?

---

fundi_wa_pikseli

Dada, kitufe cha Jinja nakichukua jinsi kilivyo. Simu kutetemeka ni mstari mmoja wa msimbo.

Kusubiri ndiko kunakonitesa. Kwenye gemu yangu zamu moja ni mwezi mmoja. Mwanzoni maji yalikuwa yanapanda kila zamu na watu wakahama zamu ya nne, mapema mno. Maisha hayakwenda hivyo. Shangazi alikaa miaka. Maji yalikuja, yakarudi nyuma kidogo kiangazi, akapanda sukuma tena palepale, yakaja tena. Na ufuo wetu ni tambarare kama sinia: kimo cha goti tu kinatosha kufunika nusu ya shamba.

Nilijaribu kupata miinuko halisi. Kuna data ya bure iliyopimwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, kabla ziwa halijapanda. Nikadhani nimepata dhahabu. Lakini kosa lake kwa kimo ni mita kadhaa, na mahali tambarare mita kadhaa ndiyo hadithi yote. Kwenye ramani yangu ya kwanza duka la Mwariki lilizama kabla ya ufuo. Nikageukia picha za bure za setilaiti ya Landsat, nikachora ukingo wa maji wa miaka mbalimbali kwa kidole juu ya kila picha. Bado ndani ya ploti sikujua maji yalipita wapi.

Nilichofanya mwisho ni kumpelekea shangazi karatasi ya grafu. Akachora nguzo zake kumi na nne, akaandika mwezi ambao kila nguzo ilishika maji. Hakukosea hata moja. Anazikumbuka kwa mazishi na kwa karo za shule. "Hii ya nne ni muhula ambao Kevo alifukuzwa." Na akanipa jambo ambalo setilaiti haiwezi: kabla maji hayajaonekana juu ya ardhi, choo kilijaa. Choo cha shimo, futi thelathini, kikaanza kupanda chenyewe. Ziwa lilikuwa limefika chini kwa chini.

Sasa kwenye gemu dalili ya kwanza si maji. Ni mama mkwe anayelalamika choo kinanuka. Wachezaji wote wanampuuza.

---

Striker_Kondele

Sawa hiyo ya choo nimecheka halafu nikaacha kucheka. Endelea.

---

Mwalimu_wa_Bunyala, Jumapili jioni

Fundi, nitakukosoa kwa heshima. Sheria yako ya "mchezaji hana usukani" ni nzuri kwa Nakuru, lakini ukiileta Budalangi itakuwa uvivu wa mawazo. Sisi tunaishi mwisho wa Nzoia. Mto unashuka kutoka Cherangani na Mlima Elgon, ukifika kwetu hauna pa kuteremkia tena, unatapika. Lakini tuna matuta kando ya mto, na tuta ni kazi ya mikono ya watu. Tuta likitunzwa watu wanalala. Likiachwa fuko wakalichimba, ng'ombe wakalipanda na kulishuka, watu wakachota udongo wa matofali, siku ya mvua ya mlimani linapasuka usiku. Ukimwambia mtoto wa Budalangi kwamba hana la kufanya, umemdanganya vilevile ulivyomdanganya yule msichana, ila upande wa pili.

Nimefundisha darasa ambalo mafuriko yaliingia mpaka alama ya ubao. Mwaka uliofuata wanafunzi walewale walijua ni upande gani wa tuta kuna shimo la fuko. Hiyo ni elimu ya tabianchi kuliko bango lolote.

---

fundi_wa_pikseli

Mwalimu, nimepokea, na nimekaa kimya siku mbili kwa sababu umenipiga penyewe.

Nimeongeza sura ya Budalangi yenye tuta. Kila zamu una watu kumi wa kijiji, unawagawa: shamba, uvuvi, tuta. Ukipeleka wote tuta, njaa. Usipopeleka, hatari inapanda bila kuonekana. Lakini baada ya kuijaribu mwenyewe niligundua jambo la kuogofya: kadiri tuta linavyokuwa imara ndivyo nilivyojenga nyumba karibu nalo. Nilijiamini. Lilipopasuka zamu ya thelathini na tatu nilipoteza nyumba nyingi kuliko mchezaji ambaye hakuwa na tuta kabisa. Sikupanga iwe hivyo. Ilitoka yenyewe kwenye hesabu.

Je, nyumbani ni hivyo kweli, au ni msimbo wangu?

---

Mwalimu_wa_Bunyala

Ni hivyo. Nyumba yangu iko hatua sitini kutoka kwenye tuta. Ardhi ya hapo ina rutuba.

---

Mbishi_Section58, Jumanne

Mnaongea tabianchi tabianchi. Maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda na kushuka tangu zama za Adamu. Wengine wanasema ni ardhi chini inasogea. Wengine, udongo wa Mau umejaza ziwa. Gemu yako ni propaganda ya kuomba pesa za wazungu.

---

mvua_na_jua (Njoro)

Mbishi, sehemu ya unayosema ni kweli, ndiyo maana inafaa ijibiwe vizuri. Maziwa yamepanda na kushuka kabla ya magari. Udongo kutoka Mau ni kweli: msitu ukikatwa, mvua haizami, inateremka na tope lake. Mambo ya ardhi kusogea yamejadiliwa pia. Lakini maziwa mengi ya bonde yalipanda karibu kwa wakati mmoja, Baringo, Bogoria, Nakuru, Naivasha, hata Turkana, na ukitafuta kitu kimoja kilichoyagusa yote unakuta mvua.

Mvua zetu za vuli zinaamuliwa sana na Bahari Hindi. Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvuke unasukumwa huku. Mwisho wa 2019 tofauti hiyo ilikuwa kubwa kuliko kwa miongo mingi, na kilichofuata 2020 mmekisoma hapo juu. Kisha ongeza hili: hewa ikipanda joto nyuzi 1 inabeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Dunia imeshapanda zaidi ya nyuzi 1. Bahari ilikuwa na tabia hiyo zamani pia, lakini sasa inapotingisha mtungi, mtungi umejaa zaidi.

Na usisahau upande mwingine. Baada ya mafuriko hayo zilifuata misimu mitano mfululizo ya mvua kukosa, kutoka mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, kaskazini na mashariki mwa nchi. Ziwa limejaa huku, ng'ombe wanakufa kule, nchi moja, habari moja ya saa moja usiku.

---

fundi_wa_pikseli

Mbishi, hakuna mzungu, kuna mke wangu anayeuliza stima imeisha kwa nini. Lakini asante, umenipa mhusika. Nimekuweka kinyozini.

Kweli. Kwenye gemu kuna kinyozi, na kila mwezi ukienda kunyolewa watu wanabishana ziwa linapanda kwa nini. Mmoja Mau, mmoja ardhi, mmoja Mungu, mmoja kafiri wa kila kitu, mmoja mwanafunzi wa Njoro anayetaja Bahari Hindi na hakuna anayemsikiliza. Kila mmoja ana kipande cha ukweli na gemu haisemi nani yuko sahihi. Ila ukimsikiliza mwanafunzi miezi mitatu mfululizo, anakuambia vuli ijayo itakuwaje. Bei yake ni kuvumilia kunyolewa mpaka upara.

(Hapa niseme kando: mazungumzo ya kinyozi yalivunja gemu nzima kwa siku tatu. Nilikuwa nafungua maneno kwa alama moja ya nukuu, na kila penye "ng'ombe" injini iliona sentensi imeishia kwenye "ng". Ng'ombe wote wa Kenya walikuwa hitilafu. Mnaoandika gemu za Kiswahili, tumieni nukuu mbili.)

---

Mbishi_Section58

Nimewekwa kinyozini na sina hata nywele. Endelea, nitaipakua nikukosoe vizuri.

---

Mnyore_halisi (Vihiga), Jumatano

Kuhusu utabiri: msisahau wa Nganyi wetu wa Bunyore. Wazee wa ukoo ule wanasoma mvua kwa miti inavyochanua, ndege, wadudu, na wana misitu yao wanayoitunza kwa kazi hiyo. Zamani walicheka na watu wa Idara ya Hali ya Hewa, kila upande ukamwona mwenzake mganga. Baadaye wakaanza kuketi pamoja kabla ya msimu, hawa na chati zao, wale na miti yao, wakatoa utabiri mmoja kwa lugha ambayo mkulima anaielewa.

Kwenye gemu usimweke mzee wa mvua kama mchawi mwenye moshi. Huyo tumemchoka.

---

fundi_wa_pikseli

Nimemweka bila moshi. Redio inatoa asilimia, mzee anatoa tarehe ya kupanda, na wakikubaliana kijiji kinasadiki. Wakitofautiana mchezaji aamue. Wote wawili hukosea mara moja moja, la sivyo si utabiri.

---

jakendu (Kendu Bay), Alhamisi usiku wa manane

Sikutaka kuingia lakini silali. Nimesoma uzi wote, mnatafuta hadithi na hadithi iko kilomita chache kutoka kitandani kwangu.

Simbi Nyaima. Kijiji kilichozama. Jioni moja kulikuwa na sherehe, pombe, ngoma, na mvua ikaanza. Akaja bikizee mmoja, amelowa, anatetemeka, anaomba apashe mwili moto. Akafukuzwa boma hadi boma. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea. Bikizee akamwambia ondoka na watu wako usiku huu huu. Alipoondoka, maji yakashuka na kupanda, kijiji kikazama na ngoma zake. Leo ni ziwa la duara, la magadi, na flamingo hutua. Wengine labda ni wale wenu wa Nakuru, Fundi.

Kila mtoto wa huku anaijua. Na kila mara niliposikia habari za mafuriko nilisikia watu wakiisema: mmefanya nini mpaka maji yakaja? Kama yule msichana wako wa miti elfu moja. Hadithi ya kale inasema waliozama walistahili. Lakini wa Mwariki walimnyima nani moto? Kenya nzima haifikishi asilimia 1 ya moshi wa dunia. Waliofukuza bikizee wako mbali, wamekauka. Sijui gemu itasemaje hilo. Nimesema tu, nalala.

---

fundi_wa_pikseli, Ijumaa saa 11 alfajiri

Jakendu, umelala wewe, nimekesha mimi.

Nimeigeuza. Gemu yangu ilikuwa inaishia mkokoteni unapoondoka Mwariki: skrini inafifia, mwisho. Kumbe hapo ndipo inapoanza. Sura ya tatu, mchezaji ndiye bikizee. Amelowa, ana vitu sita mkokotenini, anabisha hodi. Kitufe ni kimoja tu, HODI, na ukikibonyeza unasubiri. Hakuna atakayezama kwa kukunyima. Hakuna adhabu. Unasonga mlango unaofuata, na betri ya tochi inapungua.

---

Nyar_Dunga

Fundi, hii ndiyo. Lakini nakuonya: usiwafanye wanaofungua malaika na wanaofunga mashetani. Sisi 2020 tulipokea ndugu zetu wa Nyando. Watu kumi na mmoja kwenye vyumba viwili Nyalenda, miezi minne. Mama alipika sufuria ya ugali ambayo ilibidi iinuliwe na watu wawili. Wiki ya kwanza tuliimba. Wiki ya tano nilihesabu viazi. Sijawahi kumwambia mtu, nasema humu kwa sababu hamnijui: kuna jioni binamu yangu alibisha na nikachelewa kufungua makusudi.

Kila mlango uwe na sababu. Mwenye nyumba anataka dipoziti ya miezi miwili. Mjomba ana chumba lakini ana mgonjwa. Kanisa lina nafasi mpaka Jumapili tu.

---

Striker_Kondele

Dada umenifanya nimpigie binamu yangu simu.

Fundi swali la kiufundi: ukubwa? Simu yangu ina RAM ya gigabaiti 2 na picha za mtoto zimejaa.

---

fundi_wa_pikseli

Megabaiti 31 mpaka sasa. Natumia Godot, ni programu huria ya kutengenezea gemu, hakuna ada. Unity, programu nyingine ya gemu, nilikuwa nayo zamani, mwaka 2023 walipotangaza kutoza kwa kila gemu inayosakinishwa nikahama. Baadaye walifuta mpango huo lakini nilikuwa nimeshafunga mkokoteni. Gemu haihitaji bando hata kidogo, inarushwa simu kwa simu. Sauti nimebaki na nne: mvua, vyura, mlango wa bati, na shangazi akikohoa. Kila sauti niliyoongeza ilikuwa inakula nafasi ya mlango mmoja, na milango ndiyo hadithi.

Lugha: Kiswahili kwanza. Dholuo na Kinyore mkinisaidia, mzee wa Bunyore asiongee kama kamusi.

---

Mnyore_halisi

Nitumie maneno yake. Nitampelekea baba asome kwa sauti, akikunja uso tunabadilisha.

---

fundi_wa_pikseli, wiki tano baadaye

Narudi na taarifa. Baraza lilelile, watoto walewale, Tecno ileile na ufa wake umeongeza tawi.

Msichana wangu wa miti elfu moja amecheza sura zote tatu, dakika arobaini. Alimpuuza mama mkwe wa choo, kama wote. Mkokotenini aliweka kuku kwanza, kabla ya hati, kabla ya kitanda. Nikamuuliza mbona hati umeiacha. Akasema, "Ya kufanya nini? Inasema tuko wapi, na hapo ni maji." Aligusa kitufe cha Jinja mara sita, simu ikatetemeka mara sita, akaichukia, akaachana nacho.

Kwenye milango alinyimwa minne. Mlango wa mjomba alisoma sababu mpaka mwisho, akasema "pole" kwa sauti, kwa skrini. Mlango wa saba ni wa mwanamke muuza mboga mwenye chumba kimoja. Anafungua, anasema karibu, skrini inaonyesha ndani: meza, jiko, kitanda kimoja chenye watoto watatu. Hapo nilikuwa nimeweka maneno ya mwisho, mazuri kweli, nimeyaandika usiku tatu.

Hakuyasoma. Aliivuta simu karibu na macho, akaitazama picha ile ya chumba, akaniuliza, "Sasa huyu mgeni atalala wapi?"

Nimefuta maneno, nimechora mkeka. Gemu imeongezeka kilobaiti 4. Anayetaka kujaribu aniandikie, na Mbishi, nywele zako ziko tayari.